Harufu Iliyobaki Ukumbini

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mtalii mmoja mbele yangu akafungua chupa ya mafuta ya kuzuia jua akajipaka shingoni. Nilitoka nje bila kununua nilichokifuata. Harufu ile ya nazi ya uongo, ambayo haijapata kukunwa na mtu, inanitia kichefuchefu tangu nina miaka minane.

Tulikaa Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, nyumba yenye mlango wa nakshi. Watalii wakimaliza Ngome ya Yesu huletwa vichochoroni mwetu kupiga picha milango, nasi tuliwazoea kama tulivyozoea paka. Aliyewaleta sana ni Sudi, jirani yetu mwenye ulimi mtamu, aliyefuturu kwetu kila Ramadhani.

Mwaka huo Babu alifariki, Bibi akakaa eda. Miezi minne na siku kumi asionekane na mwanamume asiye maharimu wake, asijitie manukato, hata udi haukufukizwa nyumbani. Alisema hiyo ndiyo heshima ya mwisho aliyobakiwa nayo ya kumpa mumewe. Mimi nikapewa kazi ya mlangoni. Hodi ikipigwa, nichungulie. Akiwa mwanamume nipaze sauti, Bibi aingie chumbani kabla sijasema karibu. Niliringa na kazi hiyo, wenzangu hawakunisogelea.

Asubuhi moja Sudi akaja na wageni watatu wa kaptula, wekundu, mapaja yaking'aa mafuta. Akanitilia peremende mkononi.

"Waambie karibuni, mama. Hawa ni watalii tu, hawana neno."

Basi mniamini, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtalii naye ni mwanamume. Kwangu alikuwa mtalii, basi. Nikasema karibuni.

Bibi alikuwa ukumbini akipepeta mchele, kichwa wazi. Alipowaona wameinua simu zao akajifunika uso kwa ungo, mchele wote ukamwagika. Wao wakacheka, wakidhani anacheza nao, wakapiga picha tena. Mmoja alimkaribia hadi jasho lake likadondoka juu ya mchele. Naona kinyaa hata kuandika.

Mama aliporudi kutoka kazini harufu ilikuwa bado imejaa, na udi wa kuiondoa hatukuweza kufukiza.

"Ni nani alowaambia karibu?" akauliza.

Nilibana peremende shavuni.

"Ni mimi, mwanangu," Bibi akasema. "Nalidhani ni wanawake."

Mama alimkemea mama yake mbele yangu. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa ukisema yule bibi hakujua kukaa eda, na Bibi hakumsahihisha mtu hadi alipokufa. Mimi nilifurahi kwamba nimeponea.

Miaka mingi nilimchukia Sudi, na bado simpendi. Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka kwamba siku ile yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti. Aliwasukuma wageni ndani, akabaki nje akiutazama ukuta wa ng'ambo. Alijua. Lakini kinachonitapisha zaidi si yeye wala mafuta yale. Heshima ile aliyokuwa akimtunzia mumewe, Bibi aliitoa ili nisipigwe mimi, na wakati anaitoa, mimi nilikuwa nikimung'unya peremende polepole isiishe upesi.