Maji Yaliyopata Alama za Juu

Kwetu Kisumu mtoto akileta alama za juu huchinjiwa kuku. Sina ugomvi na kuku. Ugomvi wangu ni na yaliyonipata kule Nyamasaria, ambayo hadi leo nikiyakumbuka naumwa kichwa.

Kazi yangu ni kupima maji machafu. Nachukua maji kidogo, nayachemsha pamoja na dawa ya rangi ya chungwa, kisha naangalia uchafu umeila dawa hiyo kiasi gani. Namba ikipanda, maji ni mabaya: uchafu huo ukioza utamaliza hewa ambayo samaki angepumua. Basi, ni hayo tu.

Kina mama wa kikundi kimoja walikuwa wamechimba bwawa la samaki kwa majembe, kiangazi kizima, mpaka viganja vikachubuka. Maji yake yalitoka kwenye kijito kinachopita nyuma ya kichinjio. Wakaniomba niyapime kabla hawajaweka vifaranga vya samaki. Nikayapima, nikawapelekea majibu kwa mkono wangu.

Mlezi wa kikundi, mwalimu mkuu mstaafu, alininyang'anya karatasi, akavaa miwani.

"Kina mama, tumepita! Tena juu sana!"

Vigelegele.

"Mwalimu, hapa juu ni mbaya," nikasema.

"Madam, tangu lini marks ya juu ikawa mbaya?"

Nikaeleza kwamba maji yamejaa damu, mafuta na mabaki ya vyakula.

"Kumbe iko na chakula!" akanikatiza. "Si basi samaki zitashiba, donge? Ama si hivyo?"

Wakacheka wote. Nikaeleza upya, nikapaza sauti, nikaambiwa nina hasira kama mtu ambaye hajanywa chai. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilibeba mkoba wangu nikaondoka nikisonya, na vifaranga wakatiwa majini.

Haikupita wiki, mwalimu akanipigia simu alfajiri.

"Madam, kuja uone! Samaki zote zimekuja juu ya maji, zimefungua mdomo. Ziko na njaa kweli kweli!"

"Hiyo si njaa, Mwalimu! Wanakosa pumzi! Usitupe kitu humo, tafadhali, usitupe chochote!"

Nyuma yake nilisikia kina mama wakiimba.

"Tulia, Madam," akasema kwa upole. "Tumezimwagia chakula ndoo mzima, na bado zinaomba."