Dorkas wa Mamba na posa ya viatu vya kuazima

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi wa makala haya ameyaona kwa macho yake mawili na miwani juu yake, na mhariri akiingiwa na shaka apande mwenyewe milima ya Upare akaulize. Atajibiwa, tena kwa sauti ya juu, maana Dorkas bado ana hasira.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mamba, wilayani Same. Dorkas amesimama kwenye mfereji unaoteremka kutoka ndiva, lile bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Maji baridi yanamfika magotini. Anaosha tangawizi, lakini leo anaisugua kama mtu anayemwogesha mtoto aliyemtukana.

"Taratibu, Mama Careen, utaichubua," anasema Rogathe, anayeosha pembeni yake.

"Ichubuke. Mimi wamenichubua mara ngapi?"

Mchana huu kikundi cha wakulima wa tangawizi kitaamua kama Dorkas ataendelea kuosha hapa. Kosa lake ni hadithi ya mapenzi.

Kwa gunia moja lililooshwa, mama huyu wa miaka arobaini na mitatu hulipwa shilingi elfu tatu. Kazi ikiisha hukausha mikono, huchukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, na kuandika. Sura moja ni shilingi mia tatu, na wasomaji huipata kwa WhatsApp. Mwezi mzuri, anasema, mapenzi humlipa kuliko tangawizi. Mwezi mbaya vyote viwili humwachia mafua tu.

Hadithi zake huanzia hapahapa majini. Mkulima wa tangawizi anapokata mbegu, kila kipande lazima kibaki na jicho, pale chipukizi linapotokea. Dorkas naye huwadai wenzake jicho: mtu mmoja, kitu kimoja, na jambo linalomkera mtu huyo. Siku moja Rogathe alimrushia hili: mjane, redio ya marehemu, na mchumba mpya anayegusagusa stesheni. Ilitoka hadithi ya sura kumi na moja, na inasemekana mzee mmoja wa Usangi hajagusa tena redio ya mkewe hadi leo.

Sheria ni mbili. Jicho liwe la kutunga, si la mtu anayejulikana. Na aliyelitoa hatajwi, hata iweje.

"Watu wananiuliza, haya yote umeyafanya na nani?" anasema Dorkas, akitupa tangawizi kwenye beseni hadi maji yanamrukia mwandishi. "Anayeandika habari za wezi hawamuulizi ameiba wapi. Mimi nikiandika busu moja, nchi nzima inataka kujua lilikuwa la nani."

Hasira yake ina matawi mengi. Lipo tawi la kijana mmoja aliyekuja kutoka mjini Same na simu mpya, akamwambia aache kuhangaika. Unaiandikia simu mstari mmoja tu, alisema, nayo inakutemea hadithi nzima. Dorkas akajaribu. Aliiomba hadithi ya mapenzi ya binti wa Mamba.

"Ikanipa binti mwenye nywele zinazopeperushwa na upepo, anatembea ufukweni. Ufukwe gani Mamba? Nikamuuliza yule kijana, huyu binti anaosha nini? Anamkasirikia nani? Hajui. Basi huyo hapendi mtu, anapigwa upepo tu."

Lakini shina la hasira ni posa ya viatu.

Miezi miwili iliyopita, mtu mmoja mzima, mwenye mvi za kuheshimika, alipita mferejini akatoa jicho lake. Mwanamume kaenda kuposa amevaa viatu vya kuazima. Mwenye viatu naye kajialika kwenye ugeni, kalewa, kavidai palepale mbele ya wakwe. Wanawake walicheka hadi beseni moja likachukuliwa na maji. Dorkas, kwa kufuata sheria, alimuuliza kama ni mtu wa kweli. Yule mtu akaapa kwa kiinua mgongo chake kwamba amelitunga mwenyewe, usiku uleule, kitandani.

Dorkas akaliotesha. Katika hadithi yake mposaji anavua viatu, anavirudisha, anasimama sebuleni na soksi zilizotoboka. Binti anatazama vidole vyake. Kisha naye anavua kandambili, na wawili hao wanatoka nje pekupeku, wanateremka njia ya mawe.

Sura ile ilipendwa mno. Ilirushwa simu hadi simu, ikavuka milima yote hadi Ugweno, ikaingia kwenye nyumba ambayo jambo lile lilitokea kweli.

Saa saba mchana ghala la kikundi limejaa. Kutoka Ugweno amekuja mzee Sifael, na nyuma yake mpwa wake Eliufoo, kijana mrefu anayetazama chini. Hakuna anayethubutu kutazama viatu vyake, na kila mtu anavitazama.

"Tumechekwa mwaka mzima," anasema Sifael. "Tulikuwa tumeanza kusahauliwa. Huyu mama akatufufua. Tunataka hadithi ifutwe, na tunataka mbuzi na kreti mbili za soda."

"Mama Careen, umesikia," anasema Zebedayo, mwenyekiti wa kikundi. "Mtaje aliyekuletea maneno hayo, alipe yeye. Humtaji, basi unafuta na unaacha uandishi. Huachi uandishi, kesho usitie mguu mferejini. Hapa tunauza tangawizi, hatuuzi wake za watu."

"Wake za nani, mwenyekiti? Huyo binti nimemzaa mimi kwenye simu."

"Mtaje."

"Simtaji."

"Kwani ni mumeo?"

"Angekuwa mume wangu ningekuwa nimeshamtaja jana."

Ghala linacheka, Zebedayo hacheki. Dorkas amekunja khanga kiunoni. Karo ya bintiye Careen inatoka kwenye mfereji ule na kwenye simu ile, na sasa anaambiwa achague.

"Nimedanganywa," anasema polepole. "Nimeuliza, nikaapiwa. Aliyeniapia yuko hai, ana afya, ana meno yote. Anasikia haya na amekaa kimya kama gunia. Lakini mimi nikimtaja, kesho nani atanipa jicho? Mtanipa nyinyi? Nifukuzeni. Sifuti."

Hapo Eliufoo anasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," anajibu Dorkas, bado anafoka.

"Viatu ni kweli. Soksi pia, sijui ulizionaje. Binti ndiye si wa kweli." "Wa kwangu aliingia ndani akafunga mlango. Nikarudi barabarani pekupeku peke yangu. Hii sura nimeisoma nikidhani nitakasirika kama mjomba. Nimeisoma tena na tena. Naomba isifutwe."

"Wewe kaa chini," anasema Sifael, lakini sauti imemshuka.

"Nimekaa chini mwaka mzima, mjomba. Na Upare mzima umesikia yangu kama kichekesho. Kwenye sura hii tu ndipo kuna mtu aliyetoka na mimi."

Zebedayo anakuna shingo. Anasema sawa, hadithi ibaki na Dorkas abaki mferejini, maana mwenye aibu ndiye aliyeiombea. Lakini mbuzi wa wageni hatatoka kwenye hewa. Kama Dorkas hamtaji mtu, basi atamnunua yeye.

"Huyo mbuzi hamnunui yeye," anasema Rogathe kutoka nyuma. "Sheria ya kutotaja ni ya mwandishi. Mimi si mwandishi, mimi naosha tu."

Anainua mkono uliokunjamana kwa maji na kumnyooshea kidole mwandishi wa makala haya, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameinamia daftari lake kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mwandishi akajaribu kueleza. Alisema kisa alikisikia msibani huko Usangi, kwa hiyo kwa namna fulani hakikuwa na mwenyewe. Alisema pia kwamba viatu alivyosikia yeye vilikuwa vya kahawia. Haikusaidia. Mbuzi alinunuliwa kwa fedha zake jioni ileile, na soda zikapandishwa kwa bodaboda mbili.

Dorkas hakusema asante. Alisema sasa atakusanya sura zake zote, hii ya viatu ikiwa ya kwanza, akazichapishe kitabu mjini Same, kiuzwe palepale magunia ya tangawizi yanaposhushwa. Ameshaongea na mtu wa kuchapa. Kwenye jalada hataki binti wa nywele. Anataka miguu, minne, yenye vumbi.

Asubuhi iliyofuata mwandishi alirudi mferejini kuaga. Dorkas hakuinua kichwa.

"Mbuzi ni wa Ugweno, mzee. Mimi bado hujanilipa."

"Unataka nini, Mama Careen?"

"Jicho. Lako mwenyewe safari hii, si la msibani. Mkeo alikukubali kwa sababu gani, na ulimwambia uongo gani siku hiyo? Na usiniapie kitu. Vua viatu, shika tangawizi, sema."

Rogathe akasogeza beseni. Mwandishi akatazama njia ya kushuka, akawatazama wanawake waliokuwa wameacha kuosha ili wasikie. Akakunja suruali, akaingia majini, akaanza kulipa.