Mwalimu Wangu Alimtukana Mhariri wa Kurasa za Bridge kwa Jina Langu

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la shule, kwa sababu hapa kwetu Kiritiri watu wanajuana. Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na sasa namsaidia mama dukani nikingoja kujiunga na chuo cha ualimu. Mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani nilikuwa nikijua jibu nanyamaza. Mkiona nimeandika hapa, jueni limenifika kooni.

Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha bridge. Ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na hauna kamari. Mama alipoona karata kwenye sanduku langu alitaka kuzichoma, mpaka mwalimu akaja mwenyewe kumweleza. Siku za Jumamosi alitufungulia chumba cha kompyuta, tukawa tunaandika kurasa za bridge kwa Kiswahili kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Hakuna anayelipwa, ni kujitolea tu. Tulikuwa wasichana sita, kila mmoja na akaunti yake. Mimi nilikuwa katibu, na ni mimi niliyeandika majina na maneno ya siri ya wote kwenye daftari la klabu. Daftari lilikaa kwa mwalimu.

Huko mtandaoni kuna mama mmoja, mhariri wa miaka mingi, anayezilinda kurasa zote za bridge. Sijawahi kumwona. Siku moja niliandika kwamba mchezaji aliyefunua karata zake mezani anaweza kumshauri mwenzake. Hakunifutia. Aliniandikia, "Binti, huyo hana ruhusa hata ya kukunja uso. Soma kanuni tena, kisha urekebishe mwenyewe." Nilisoma, nikarekebisha, akanishukuru. Sikumbuki mtu mzima mwingine aliyewahi kunishukuru kwa kazi ya kichwa changu.

Wiki iliyopita niliweka bando nikaingia kwenye akaunti yangu, mara ya kwanza tangu mtihani. Nikakuta mwalimu ameandika ukurasa kujihusu yeye mwenyewe, kwamba ndiye mwasisi wa bridge eneo lote la Mlima Kenya. Ushahidi aliotoa ni jarida la shule yetu. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya jarida hilo, na hatukuwahi kuchapisha neno kama hilo. Yule mama alikuwa ameomba ushahidi mwingine, akakosa, akapendekeza ukurasa ufutwe. Chini yake wasichana sita walikuwa wamemjibu. Mmoja wao alikuwa mimi.

"Huyu mama anachukia wasichana maskini," nilikuwa nimesema. "Alituita wajinga wa kijijini." Chini yangu rafiki yangu wa Gachoka, nitamwita Wanja, alisema amelia siku mbili kwa sababu ya huyo mama na ameacha kula.

Nilimpigia Wanja kwa simu ya shangazi yake.

"Umeandika kitu kuhusu bridge mwezi huu?"

"Wewe, niko na mtoto wa wiki tatu, hata kuchana nywele sipati nafasi, na unaniuliza karata?"

"Kuna mahali umesema umelia ukaacha kula."

Alicheka. "Mimi niache kula? Shangazi, sikia huyu. Si nimemaliza maharagwe yote ya njahi ya hii nyumba."

Nikaenda kwa mwalimu, maana daftari la maneno ya siri lilikuwa kwake. Nilimkuta nyumbani kwake akinywa chai na viazi vitamu. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka.

"Kumbe bado unaingia," alisema akitafuna. "Vizuri. Sasa andika ingine, wewe una Kiswahili safi kuniliko."

"Mwalimu, huyo mama hakutuita wajinga."

"Sasa ni nani atajua? Msichana wangu, si ni mimi nilikuonyesha kompyuta? Kwani nimekula cha mtu?"

"Ulitufundisha kwamba hata kumkonyezea mwenzako jicho ni wizi."

"Hiyo ni mezani." Akajilamba vidole, akanipigapiga begani kwa vidole hivyo hivyo. "Barua yako ya kukupendekeza chuoni nitaiandika Jumatatu, usijali. Salimia mama."

Blauzi hiyo nimeifua mara mbili na bado sitaki kuivaa.

Nilimweleza mama. Akasema, "Unataka kumwaibisha mwalimu juu ya karata? Mtu tunaomba naye kanisani? Zima hiyo simu." Kwake ni vita ya kwenye simu tu. Lakini wasimamizi wa ensaiklopidia wataamua Ijumaa kama yule mama afungiwe asihariri tena, kwa kosa la kunyanyasa wanafunzi. Ushahidi wote ni sisi. Nikisema ukweli, akaunti zetu zitafungwa, wenzangu wataonekana waongo kwa maneno ambayo hawakuandika, nami itabidi nikiri kwamba daftari lile niliandika mimi. Na barua nitaisahau.

Jana ameniandikia yule mama. "Binti, sikumbuki kukuita hivyo. Lakini kama neno langu lilikuumiza, nisamehe. Usiache kuandika." Anaomba msamaha kwa kutukanwa. Nimeusoma ujumbe huo mpaka najichukia, na bado sijamjibu.

Ninyi mnaosoma hapa, wazazi na wenzangu, niambieni la kufanya. Uamuzi ni Ijumaa na barua ni Jumatatu. Tangu jana kuna sauti ndani yangu inayoniambia kwamba hata Jumanne, nikishapata barua, naweza kusema ukweli, na ninachoogopa ni kwamba nimeanza kuisikiliza.