Neptuni Nje ya Geti

Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bi Sayari, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mumewe alishamwonya: "Mke wangu, mdomo wako utakuponza." Akamjibu kwamba umeshamponza mara nyingi, na bado halali njaa.

Siku hiyo kilichomkera ni ukuta. Mkuu wa shule alikuwa ameagiza sayari zichorwe darasani, nazo zikachorwa zimebanana kama shanga. Basi mwanafunzi mmoja akaandika kwenye mtihani kwamba mtu anaweza kwenda Mirihi asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

"Kosa si lako," Bi Sayari akamwambia. "Haya, wote nje!"

Akaweka mpira wa miguu mlangoni, ukawa jua. Dunia, punje ya ulezi, ikashikwa kule kwenye mlingoti wa bendera. Mshtarii, gololi, ikafika getini. Zohali ikavuka geti. Binti aliyepewa Neptuni akaambiwa ashike barabara, atembee tu.

Mkuu akaja mbio, jasho likimtoka.

"Mwalimu! Nani kakuruhusu kuwatoa nje ya geti? Mchoro si uko ukutani?"

"Ndio huo unaowadanganya, Mkuu. Siwezi kuwafundisha uongo eti kwa sababu umepakwa rangi nzuri."

"Warudishe ndani sasa hivi!"

Kule mbali, yule binti alisikia makelele, akasimama.

"Neptuni!" Bi Sayari akapaza sauti. "Nani kakwambia usimame? Bado hujafika!"