Mwimbaji Anayejiitikia

Albamu ya mwimbaji yule imeuzwa hadi imechosha. Nusu ni vibao vyake vya zamani alivyovirekodi upya, nusu ni nyimbo mpya, na kwa miezi mtu wa Tabora hakuweza kunyolewa wala kununua sukari bila kuisikia. Nyimbo mpya sizijadili. Mwanaume mzima anamlilia msichana kwa maneno ambayo hata kasuku angeona haya kuyarudia. Sisi tulingoja kibao kimoja tu cha zamani.

Kibao hicho kilizaliwa Goweko, katika shamba la tumbaku la shangazi yangu. Wanawake wa pale hulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Mwimbaji alikuja akiwa bado kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, akaupenda wimbo, akawarekodi kanisani. Sauti ya shangazi ilikuwa juu ya zote, ikipanda bila haraka kama moshi wa bani la kukaushia tumbaku.

Baadaye shangazi alipasuliwa tezi ya shingo. Alipona, lakini sauti haikurudi. Sasa huongea kwa mkwaruzo, na wajukuu humcheka akiwaambia aliwahi kuimba. Kaseti yake ililiwa na redio. Mitandaoni nako rekodi ya zamani imeondolewa ili mpya iuzike.

"Shikamoo, shangazi. Albamu imetoka."

"Marahaba. Nimo?"

Sikujua. Nilijaziwa albamu kwenye flashi katika duka moja la mtaa wa Mtendeni, mjini, nikaipeleka Goweko. Wajukuu wakakusanywa, redio ikawekwa juu ya kinu. Mwimbaji akatoa wimbo, kisha akaitikiwa na sauti yake mwenyewe, imezidishwa na mashine hadi ikawa kwaya, laini kama mafuta ya nywele.

"Bibi, wewe ni yupi?" mjukuu wa kike akauliza.

"Tulia. Labda wameniweka mwishoni."

Hawakumweka.

Mwimbaji alipokuja Tabora kutamba na albamu yake, shangazi alitaka kwenda. Nikadhani amesamehe. Kumbe alikuwa amewakusanya wenzake waliorekodiwa naye, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Shambani, mtoa wimbo akianza kutegea, akisimama kivulini huku wenzake wanatoka jasho, wanawake humnyima kiitikio. Wimbo unaanguka, naye hulazimika kurudi kwenye jembe. Ndilo walilomkusudia mwimbaji.

Jioni ile uwanja ulijaa. Akaingia na miwani ya jua, ingawa jua lilikuwa limeshamkimbia. Ulipofika wimbo wetu, akanyoosha maiki: "Tabora, niitikieni!"

Wanawake wakafunga midomo. Mimi, msomaji wa riwaya, nikangoja wimbo uanguke kama hadithini.

Haukuanguka. Spika ziliitikia. Alikuwa amekuja na kiitikio chake ndani ya kompyuta, na hata hakutazama upande wetu. Watu wakashangilia, ingawa wengi hawakuwa wamefungua kinywa kuitikia.

Shangazi akacheka kwa mkwaruzo wake. "Mnamwona? Anajiitikia mwenyewe. Maskini, hana hata jirani."

"Huyo akifiwa, wifi," mwenzake akajibu, "atajipa pole mwenyewe."

Wakaondoka wakicheka, bila kungoja mwisho. Nje ya geti yule mjukuu wa kike, tuliyekuja naye, akamshika shangazi kitenge. "Lakini bibi, sasa sauti yako tutaisikia wapi?"

Kicheko kikakatika. Wifi yake akakohoa, akajaribu kuimba sehemu ile ya juu.

"Siyo hivyo," shangazi akamkata. "Mimi nilikuwa chura? Panda."

Akapanda.

"Bado. Panda, usiogope."

Wifi akashindwa, akabaki anahema. Mjukuu akaidaka sehemu hiyo palepale alipoiachia, kwa sauti nyembamba inayotetemeka. Shangazi akasimama katikati ya njia, watu wakimpita, mkono wake ukiinuka kidogo kidogo kumwonyesha mtoto ni wapi pa kufika. Wenzake wakaitikia.

Nyuma yetu spika zilikuwa bado zinamwitikia mwimbaji kwa sauti yake mwenyewe.