Moshi wa Shangazi

Nilikuwa na pumu tangu utotoni, na shangazi yangu alikuwa na dawa moja tu: moshi. Tulikuwa tumehamia Visiga, huko Pwani, kutoka bara, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baba akiwa karani. Kila kifua kiliponibana, shangazi alinikalisha kwenye mkeka, akaniwekea mbele chetezo cha makaa na ubani, kisha akanifunika blanketi gubigubi. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Kadiri nilivyokohoa ndivyo alivyozidi kuongeza ubani, kwa sababu kwake yeye kikohozi kilikuwa ni shetani anayeanza kusalimu amri. Majirani walikaa pembeni wakimtia moyo. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilichoka. Nilikipiga chetezo teke, makaa yakatawanyika na kuunguza mkeka, nikalitupa blanketi na kukimbilia uani. Nilisimama pale nimeshika magoti, nikivuta hewa kidogo kidogo, mpaka kifua kikaachia.

Nyuma yangu nilimsikia shangazi akiwaambia majirani kwa fahari, "Mmeona? Shetani wake kapiga teke!"

Nilikuwa nimefundishwa kumpa shikamoo na kunyamaza. Lakini sasa pumzi ilikuwa imenirudia, na nilikuwa na kazi nayo.

"Si shetani, shangazi. Ni mimi. Na ukikiwasha chetezo tena, nitakipiga teke tena."