Makosa Mia Mbili na Kumi na Nne

Afadhali nijicheke kabla hamjanicheka. Ofisini kwetu Kitale, bosi alitaka kuchagua msimbo wa programu ya wafugaji wa Endebess: wangu au wa Nafula wa Bumula. Nikaupitisha wa Nafula kwenye programu ya kukagua msimbo. Makosa mia mbili na kumi na nne! Nikarudia kuyahesabu; idadi ileile.

Kikaoni nikausoma msimbo huo kwa madaha: “Ng'ombe ameitwa ‘kitu’, maziwa ‘kitu2’. Nani ataelewa hii, bana? Nipeni kazi yote, Nafula atanisaidia kuchemsha chai.”

Nafula akaikodolea macho skrini yangu. “Ndugu, umehesabu mara mbili, na jina la folda hujasoma hata mara moja. Ni lako. Si hata wewe mwenyewe umeshindwa kuutambua msimbo wako?”